Eneo la Kukalia

Umma unaarifiwa kwamba nyonga zote nchini, zilizovunjika na ambazo bado, sasa ziko chini ya uratibu wa Kamati Kuu ya Vipandikizi vya Ndani ya Mwili. Hakuna sababu ya kuingiwa na hofu. Anayetarajia kuvunjika aendelee na shughuli zake kama kawaida, sisi tumejipanga.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Natoa taarifa hii kwa sababu mitaani yamezagaa maneno kuhusu kiti cha Mwenyekiti, wimbo wa taifa na mama mkwe wangu. Mengi ya maneno hayo ni ya kweli, tatizo ni kwamba hayakupitia masjala. Ukweli ambao haujapigwa muhuri ukiachwa uzurure hovyo, watu wanauzoea.

Nianze na kipandikizi chenyewe, maana wapo wanaosikia neno hilo na akili zao zinaenda kwingine. Nyonga ni ule mzingo wa mifupa unaokubeba ukikaa, ukisimama, hata ukijigeuza kitandani. Ukivunjika, mtu hakai wala halali. Zamani dawa yake ilikuwa bamba la chuma. Daktari anakufungua upana wa mlango wa kabati, anafunga chuma chake, anakushona, halafu ndugu wanaanza kusali. Sasa pale hospitali kuu yuko mhandisi mmoja, mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita Bi Skrubu, mumewe akiwemo. Huyu amebuni skrubu nyembamba yenye tundu katikati. Daktari anatoboa tobo la kiasi cha ukucha, anatanguliza waya mwembamba huku akitazama picha za eksirei, na skrubu inaufuata ule waya mpaka ndani ya mfupa. Ikishafika, ncha yake inafunguka kama mwavuli na kung'ang'ania. Mgonjwa anashonwa nyuzi mbili, na kesho yake anaambiwa ajaribu kukaa.

Kamati ilipoelezwa hayo ilisikitika sana.

Siku hiyo Bi Skrubu alikuja kikaoni na mfano wa nyonga wa plastiki ndani ya mfuko wa sokoni. Mlinzi wa getini alishamhoji vya kutosha ni ya nani na kama mwenyewe anajua. Mwenyekiti aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuzageuza, akaweka ndani yake simu na karanga zake, kisha akashukuru kwa bakuli. Hakuna aliyemsahihisha. Kwenye orodha ya mali za Kamati limeandikwa bakuli, na karanga tunazilia humo hadi leo.

Chumba chetu cha mikutano nacho ni vizuri mkakifahamu. Kina meza ndefu, kipoza hewa kinachodondosha maji kwenye ndoo, na mwisho wa meza kuna jukwaa la mbao lenye vidato vitatu mbele na nyuma. Juu ya jukwaa hilo ndipo kiti cha Mwenyekiti kilipo, cha ngozi, chenye mgongo mrefu, ili anayezungumza na Mwenyekiti ainue uso kidogo. Mwenyekiti alikipenda kiti hicho kuliko mtu anavyopenda kitu kisichopumua. Hakutoka chumbani mpaka kila mtu ametoka, kisha anafunga mlango mwenyewe na ufunguo unaingia mfukoni mwake. Tulikuwa na wajumbe wanaokitazama kile kiti kwa jicho ambalo hakulipenda.

Basi akiwa kule juu akamuuliza Bi Skrubu, "Hilo tobo, mtu akisimama mbali kidogo analiona?"

"Halionekani, Mheshimiwa. Ndio uzuri wake."

"Sasa wananchi watajuaje kama tumewafikia?"

Mjumbe mmoja akasema kweli, hatuwezi kuzindua kitu kisichoonekana, utepe utakatwa wapi. Mwingine akasema kovu ni ukumbusho wa huduma, na kumnyima mgonjwa kovu ni kumnyima haki yake. Tukajadiliana mpaka ndoo ikajaa. Hatimaye Mwenyekiti akatoa mwongozo ambao nauandika hapa kama ulivyo: ukubwa wa kipandikizi uendane na cheo cha mgonjwa.

Mwananchi wa kawaida atapewa skrubu ndogo kama ilivyobuniwa, kwa kuwa hana mahali rasmi pa kuionyesha. Mkuu wa kitengo atapewa nene yake. Mkurugenzi atapewa bamba. Na Mwenyekiti, ikitokea, atawekewa kipandikizi cha hadhi, chenye nembo upande mmoja na kikulabu cha kuning'inizia utepe upande wa pili. "Kiongozi hawezi kushikiliwa na kitu kidogo," alisema, na sisi tukapiga meza. Bi Skrubu akauliza chuma kama hicho kitapita wapi, maana mtu si geti. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba mhandisi alipongeza kwa njia ya swali.

Kipandikizi cha hadhi kilitengenezwa kimoja, cha mfano, na karakana ya serikali. Ukikiona unasema ni komeo la geti, na nadhani kweli lilianzia huko. Kikawekwa kwenye kisanduku cha kioo pale ukumbini, na utepe wake mwekundu. Wageni walikuwa wanapiga nacho picha.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri namna hiyo, mpaka mama mkwe wangu akavunjika.

Mama mkwe ni mwalimu wa udereva. Amefundisha nusu ya mji huu, na nusu nyingine inajiendesha kiholela. Siku ya tukio alikuwa na mwanafunzi, karani wa posta, mtu mwoga. Aliambiwa akanyage breki, akaona aibu kuuliza ni ipi, akakanyaga mafuta. Wakaingia kwenye ukuta wa shule yenyewe ya udereva. Karani hakupata hata mchubuko, na baadaye alipewa leseni. Mama mkwe alipata ufa wa nyonga nyuma, pande zote mbili.

Daktari wa mifupa alituita pembeni, mimi na mke wangu, akatueleza bila kuzunguka. Presha ya mama iko juu na moyo wake hautahimili kupasuliwa kwa upana. Cha kumfaa ni zile skrubu nyembamba mbili, na ziwekwe mapema, mfupa usije ukaanza kuunga upande. Ukishaunga upande basi tena, mama hatakaa nyuma ya usukani wala kwenye kigoda. Skrubu zenyewe zipo tayari, Bi Skrubu ameshazikereza na kuzipima. Kinachokosekana ni kibali cha Kamati cha kuzitoa bohari.

Mke wangu akanigeukia. Alinitazama kwa fahari, nasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu niwe Katibu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Ombi la kibali linaandikwa na Katibu, na Katibu ni mimi, na mgonjwa ni mama mkwe. Mimi ni mtu niliyelelewa. Mama mkwe akipita kwenye korido nakaa upande mpaka apite. Tunasalimiana kila mmoja akitazama pembeni, na tumeishi hivyo kwa amani. Leo hii nikae nichukue karatasi ya serikali niandike nyonga ya mama mkwe wangu, halafu nitie sahihi na muhuri juu yake? Nilijaribu. Kalamu ilifika kwenye "ny" ikagoma.

Kwa hiyo nikatumia lugha ya staha. Niliandika kwamba zinaombwa skrubu mbili kwa ajili ya kuimarisha eneo la kukalia la mhusika, ambaye kwa heshima sitamtaja. Nikaisoma mara mbili, nikaridhika nayo. Ilikuwa barua safi.

Bohari nao waliisoma, na siwalaumu. Jengo zima lina mtu mmoja tu ambaye kwa heshima hatajwi. Na eneo lake la kukalia lilikuwa linajulikana na wote, maana miguu ya nyuma ya kile kiti ilikuwa imelegea na kila Mwenyekiti akiegemea kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Barua yangu ikapata kibali mchana uleule, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa barua yoyote. Fundi wa ofisi akatumwa mbio na bisibisi.

Nilipoingia kikaoni na kumkuta Mwenyekiti ameegemea, na kiti kimya, nilidhani ni siku yangu ya bahati. Akaniita kwa kidole. Akaniambia kwamba kwa miaka yote ya utumishi wake hakuna aliyewahi kuliona tatizo lake na kulitatua bila kelele, tena kwa chuma cha maana. Nikainama kuangalia mguu wa kiti. Zilikuwa palepale, skrubu mbili zinang'aa, zimefungua miavuli yao ndani ya mbao na kung'ang'ania.

Nyumbani mke wangu aliniuliza skrubu za mama ziko wapi. Nikamwambia zinatumika katika ngazi ya juu. Akauliza ngazi gani. Nikamweleza. Akaniambia, "Sawa, Katibu." Sikupenda. Mwanamke aliyezoea kukuita baba watoto akianza kukuita kwa cheo ndani ya nyumba yako, ujue umeshafukuzwa, bado kutolewa vyombo nje. Akaniagiza niende wodini nikamweleze mama mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nilimkuta amelala chali karibu na dirisha, mto chini ya magoti, uso umemsinyaa. Nikasimama kwa heshima upande wa miguu nikatazama dari. Nikamsomea taarifa fupi ya hali ilivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "kwenye hiyo barua uliandika nini hasa?"

"Eneo la kukalia, mama."

"Benchi la stendi nalo ni eneo la kukalia. Ulishindwa nini kuandika nyonga?"

Nikamwambia kuna maneno ambayo mtu na mkwewe hawawezi kuyaweka katikati yao. Akafumba macho. Nilidhani amekubali, kumbe alikuwa anajipanga. Alipoyafumbua alikuwa na ile sura ya kazini, ya mtu aliyekaa kiti cha abiria na mguu wake uko karibu na breki ya akiba.

Akaniambia niwashe injini. Nikasema mama, tafadhali. Akasema washa. Nikasema "ny." Akasema usizime, ongeza mafuta taratibu. Nikasema "nyo." Jasho linanitoka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wamegeuza shingo wote wenye shingo za kugeuza. Akaniambia niachie klachi. Nikasema nyonga. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na mzee mmoja mwenye mguu uliotundikwa akapiga makofi.

Mama mkwe naye alicheka, kisha akaacha. "Maisha yangu yote nimekaa na watu waoga nikiwaambia wasiogope," akasema. "Sasa naogopa mimi. Nisipoweza kukaa, baba, sijui nitakuwa nani."

Nilimhurumia na nikaona aibu, vyote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Ana macho kama ya mke wangu. Nikamwahidi kwamba nitalisema lile neno mbele ya Kamati.

Na nililisema. Kikao kilichofuata, baada ya kupitisha ajenda na kabla ya karanga, nilisimama nikasema, "Mheshimiwa, skrubu zilizo kwenye kiti chako ni za nyonga. Nyonga ya mama mkwe wangu." Mhasibu alidondosha kalamu. Mjumbe mmoja alitoka nje kupunga upepo.

Mwenyekiti alifikiri sana, au alinyamaza sana, kwa pale juu ni vigumu kutofautisha. Kisha akauliza kama mama huyo ni mwananchi wa kawaida. Nikasema ndiyo. Akasema anampa pole, ila kuzitoa skrubu kunahitaji yeye ainuke, na kanuni hazimruhusu Mwenyekiti kuinuka kabla ya kufunga kikao, na kikao akikifunga chumba kinafungwa pia. Nikamwomba basi atuachie ufunguo wa chumba. Akacheka kwa huruma, kama mtu aliyeombwa meno yake. Akasema anaelewa vizuri sana mchezo wa kumtoa mtu kwenye kiti kwa kisingizio cha mgonjwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kile kiti sasa kimetulia, na yeye mwenyewe tangu kitulie anapata usingizi.

Daktari alikuwa ameshanipigia simu kwamba mfupa haungoji. Bi Skrubu alikuwa anasubiri kwenye benchi la korido na ule ufunguo wake mrefu wa kufungia miavuli, ndani ya mfuko wa sokoni. Nikazipitia kanuni zetu upya, ukurasa kwa ukurasa. Nasisitiza hapa kwamba sikufanya hila yoyote. Nilitekeleza kanuni. Ipo moja ambayo tulikuwa tumeisahau, inayosema kikao chochote cha Kamati kifunguliwe kwa wimbo wa taifa, na kwamba wakati wa wimbo kila mtu asimame, bila kujali cheo.

Basi kikao cha asubuhi iliyofuata nilikifungua kwa wimbo. Bi Skrubu alikuwa amealikwa kama mtaalamu, na nilimpangia nafasi ya kusimama nyuma ya jukwaa.

Mwenyekiti aliinuka kwa shida, kama mtu anayeondoa plasta. Lakini aliinuka, mkono kifuani, macho ameyafumba, maana alikuwa mzalendo na pia kamera ya idara ilikuwepo. Tukaanza ubeti wa kwanza kwa nguvu. Bi Skrubu akapiga goti nyuma ya kiti. Kwenye kumbukumbu imeandikwa kwamba alizidiwa na uzalendo.

Skrubu ya kwanza ilitoka ubeti wa kwanza ukiisha. Ubeti wa pili wajumbe waliuimba kwa kutafuna maneno. Ubeti wa tatu hakuna anayeujua, tukauguna. Wimbo ukaisha, na skrubu ya pili bado imeng'ang'ania. Mwenyekiti akafumbua macho. Nikatangaza haraka kwamba mhasibu ameimba bila hisia na itabidi turudie. Mhasibu alitaka kubisha nikamkanyaga. Tukarudia beti zote, na kwenye kuguna kwa mara ya pili nilisikia mlio mdogo wa mwavuli ukijifunga, mlio mtamu kuliko wimbo wowote wa taifa lolote, na hilo nalisema kama mtu binafsi.

Bi Skrubu si mtu wa kuachia watu hatari. Kabla hajaondoka alibandika karatasi kubwa kwenye kiti: KIMEFUNGULIWA, MTU ASIKALIE. Akapita nyuma yetu kimyakimya na mfuko wake, akaenda zake hospitali.

Mwenyekiti akageuka, akaiona karatasi. Akauliza kama imepitia masjala. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa wimbo ukishakamilika kanuni inakataza mtu yeyote kuzungumza kabla Mwenyekiti hajaketi. Nilinyoosha mkono. Nataka hilo lieleweke na lisambazwe, nilinyoosha mkono juu kabisa, na mhasibu naye akanyoosha, na mjumbe wa tatu alikuwa akipunga yote miwili. Mwenyekiti akatutazama, akadhani tunampigia kura, akatabasamu. Akaibandua ile karatasi, akaikunja vizuri, akakaa.

Kiti kilijiuzulu. Kilikwenda kinyumenyume, kikashuka vidato vyote vitatu kwa mkupuo, na Mwenyekiti alishuka nacho bila kukiachia.

Hospitali wote wawili waliwekwa wodi moja, pazia katikati. Mama mkwe alihudumiwa mchana huo. Skrubu zilichemshwa kwenye mashine ya mvuke, zikakaguliwa kwa lenzi, na hazikuwa na hata mkwaruzo. Bi Skrubu alisema alitegemea hivyo, kwenye kiti cha mkubwa chuma hakichoki kwa kuwa hakuna kinachosogea. Matobo mawili ya kiasi cha ukucha, nyuzi chache, ikawa imekwisha. Asubuhi mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaomba uji. Mke wangu alilia. Kisha akaniita baba watoto mbele ya manesi, na mimi nikatoka kidogo kwenda kuangalia kama gari limefungwa.

Kwa Mwenyekiti eksirei ilionyesha nyonga imepasuka palepale ilipopasuka ya mama. Daktari akamwendea na mwongozo wa vyeo mkononi, na nyuma yake nesi amekumbatia kile kisanduku cha kioo.

Mwenyekiti akalitazama komeo. Akaitazama nembo, kikulabu, utepe.

"Hiki si cha maonyesho?"

"Ndicho chako, Mheshimiwa," daktari akasema. "Cheo chako ndicho kinachokistahili. Tutakufungua kutoka hapa mpaka hapa, na utepe tutauacha nje."

Akaomba apewe kile kidogo. Daktari akamwonyesha sahihi yake mwenyewe chini ya mwongozo, kidogo ni cha wananchi wa kawaida. Akaniagiza niitishe kikao cha dharura cha kubadili mwongozo. Nikamkumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba kikao si halali mpaka Mwenyekiti awe ameketi. Akasema basi ataketi. Alijaribu. Sauti aliyoitoa ilisikika hadi kwenye chumba cha kufulia mashuka, na mle ndani mashine zilikuwa zinazunguka.

Nyuma ya pazia tulikuwa tunamsikia mama mkwe akinywa uji wake, amekaa. Kijiko kinagonga bakuli, kinatulia, kinagonga tena. Nadhani ule mlio ndio uliomvunja zaidi ya vile vidato. Akanishika mkono na kuniomba karatasi. Nikaishika juu ya kitabu ili aandike akiwa amelala, na kwa mwandiko uliopinda akajiuzulu uenyekiti, ujumbe, na haki zote za kiti.

Nesi akaja kujaza upya fomu ya mgonjwa. Alipofika penye cheo akauliza aandike nini.

"Mwananchi wa kawaida," akasema yule mtu. Ni maneno ambayo tulikuwa tunamwandikia kwenye hotuba siku zote, ila sikuwahi kumsikia akiyatamka kwa hamu kiasi kile.

Skrubu zake hazikuchelewa. Bi Skrubu alikuwa getini kishindo cha kiti kilipotokea, akakisikia, na alipofika karakana yake ya hospitali aliwasha mashine moja kwa ajili ya kukagua zile za mama na nyingine kwa ajili ya kukereza mpya.

Kamati inaendelea vizuri. Mimi nimeteuliwa kukaimu. Kiti kimerudishwa juu ya jukwaa kwa misumari ya kawaida na wajumbe wote wamenikaribisha nikikalie, kwa upendo unaonitia mashaka. Kwa sasa naendesha vikao nikiwa nimesimama, na vinaisha kabla ndoo haijajaa. Mwongozo wa vyeo umefutwa. Komeo limerudishwa karakana ya serikali, nasikia geti lao sasa linafunga vizuri.

Juzi nilipita wodini kumchukua mama mkwe, alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimkuta koridoni amesimama na mkongojo mmoja, na mbele yake kwenye kiti cha plastiki cha wageni amekaa aliyekuwa Mwenyekiti, kajishikilia pembeni kwa mikono miwili. Mzee wa watu alikuwa analalamika. Ndugu zake wamekuja kumwona, ameinua shati kuwaonyesha kovu, wamelitafuta na hawakuliona, sasa wanasema alikuwa anadeka. Akanigeukia mimi akaniuliza, Katibu, watu watajuaje kama niliumia?

Mama mkwe hakuwa na muda wa hayo. Aligonga sakafu kwa mkongojo wake.

"Yaache ya kovu. Somo la leo ni kuinuka kwenye kiti. Tazama mbele, achia mikono, taratibu."

Yule mzee alimtazama mama, akakitazama kiti, akanitazama mimi kuona kama ninakitamani. Kisha akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili, akainuka. Mwenyewe, bila wimbo.